Kumfuga vunjajungu na kuwalea watoto wake: inzi kwanza, watoto baadaye

Bibi yangu alituambia ukimgusa vunjajungu, chombo utakachokishika baada ya hapo kitakuponyoka na kuvunjika. Jina lake limebeba imani hiyo, na mpaka leo wapo watu wazima wanaomwona ukutani jioni na kumsukumia nje kwa fagio ili mkono usimfikie. Mimi nawafuga hapa Morogoro, na sijakutana na mdudu mwingine anayegeuza kichwa kukutazama usoni kama huyu. Anayemfuga kwa mwezi mmoja haachi kumpenda.

Kumtunza mkubwa mmoja ni kazi nyepesi. Kazi inakuja asubuhi ile kifuko kimoja cha mayai kinapotoa watoto zaidi ya 100, wote wakihitaji chakula kilicho hai na kidogo kuliko wao, nawe huna hata kimoja. Wengi hupoteza watoto wao wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nimeweka ufugaji wa inzi kabla ya kuanguliwa kwa watoto, na naomba usiuruke.

1. Mjue uliyempata

Vunjajungu wako wa aina nyingi sana. Wa kuanzia naye ni yule mkubwa wa kijani, wakati mwingine wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Sphodromantis. Anaonekana sehemu nyingi za Afrika, hula karibu kila mdudu na huvumilia makosa ya mfugaji mpya. Jike mzima hufika sentimita 7 hadi 9. Mtazame bawa la mbele: lina doa dogo jeupe kila upande. Wapo pia wanaofanana na maua, wenye rangi za waridi na alama kama jicho mgongoni. Hao ni wazuri mno lakini wanadai joto na unyevu wa kiwango maalumu. Waache kwanza.

Utampata kwenye uzio wa michongoma, kwenye mpera, kwenye majani marefu baada ya mvua, au karibu na taa ya barazani usiku. Anayefuata taa mara nyingi ni dume, kwa kuwa dume ni mwepesi na huruka vizuri. Jike hana haja ya kuruka. Tumbo lake ni nene na hubaki kwenye kichaka chake. Kama huna hakika, mgeuze taratibu akiwa ndani ya kopo angavu uhesabu pingili za tumbo kwa upande wa chini. Jike ana 6, dume ana 8.

Kidoa cheusi kinachokufuata ndani ya jicho lake si mboni. Jicho kubwa la mdudu limeundwa na vijicho vidogo vingi, na vile vinavyoelekea upande wako vinameza mwanga, basi unaviona vyeusi. Usiku jicho lote huwa jeusi, nalo si ugonjwa. Kinachohitaji wasiwasi ni doa jeusi lisilohama ukimzunguka. Hiyo ni michubuko, na hutokana na kusugua uso kwenye plastiki angavu siku nzima akidhani anaweza kupita.

Hana sumu. Miiba ya miguu ya mbele inaweza kukuchoma kidogo ukimbana, basi usimbane. Weka mkono mbele yake, mguse mkia kwa kidole kingine, atapanda mwenyewe. Fanya hivyo juu ya mkeka au kitanda. Akianguka kwenye sakafu ya saruji akiwa ameshiba, tumbo linaweza kupasuka na hapo hakuna tiba.

2. Nyumba yake

Kanuni ni moja: kimo cha nyumba kiwe angalau mara tatu ya urefu wa mwili wake, na upana mara mbili. Kimo ndicho muhimu zaidi, kwa sababu anajivua gamba akiwa ananing'inia kichwa chini, na mwili mpya hushuka chini kama soksi inayovuliwa. Akigusa sakafu kabla hajamaliza, anatoka kilema.

Ndoo ya plastiki ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kula, ikioshwa vizuri, inatosha kwa mmoja. Usitumie iliyokuwa na rangi wala dawa ya shamba. Kata dirisha kubwa ubavuni na jingine kwenye kifuniko, ushonee au ugundishe kitambaa chenye matundu. Hapo juu ndipo atakaponing'inia, kwa hiyo kisiwe laini kinachoteleza. Ndani weka vijiti viwili vitatu vya mshazari, na sakafuni karatasi ya chooni ambayo utaibadilisha kila wiki.

Sasa kuhusu kitambaa hicho, tafadhali nisikilize. Watoto wangu wa kwanza kabisa, waliotoka kwenye kifuko nilichokiokota kwenye mpera, niliwafunikia kopo kwa kipande cha chandarua. Kilikuwa safi, kizuri, matundu madogo. Kufikia usiku walikuwa wanatetemeka miguu, na asubuhi wote walikuwa wamelala chini. Vyandarua tunavyogawiwa kliniki na shuleni vina dawa iliyoshikamana na uzi wenyewe, dawa inayofanana na ile ya maua ya pareto, na kuvifua mara mbili tatu hakuiondoi. Imetengenezwa ili imuue mbu anayegusa tu. Mtoto wa vunjajungu anatembea juu yake siku nzima. Tumia kitambaa cha pazia jepesi ulichonunua kwa mita, au soksi nyembamba za kike. Chandarua usitumie, hata cha zamani.

Kwa sababu hiyo hiyo, chumba anamokaa kisipuliziwe dawa ya mbu, wala isichomwe ile ya mviringo inayotoa moshi. Kama hamuwezi kulala bila dawa, mweke jikoni au barazani, mbali na moshi wa mkaa.

Joto la nyuzi 24 hadi 30 linamfaa. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hakuna cha kufanya. Njombe, Arusha au Nairobi mwezi wa Juni na Julai, usiku huwa baridi. Atakula kidogo na kukua polepole. Mweke karibu na ukuta uliopigwa na jua la mchana, au balbu ndogo nje ya ndoo. Jua la moja kwa moja kwenye kopo la plastiki humpika kwa dakika chache, hata asubuhi.

3. Chakula na maji

Anakula kinachotembea. Inzi, nondo, nyenje, mende, panzi: vyote vinakubalika, mradi kisizidi nusu ya urefu wake. Mkubwa mlishe kila baada ya siku mbili, mdogo kila siku. Tumbo ndilo linakuambia. Likiwa bapa ana njaa. Likijaa na kuwa duara, mwache.

Chakula kinachotisha ni kile kilichokula dawa. Mende wa jikoni kwa jirani aliyepulizia jana ni sumu inayotembea. Panzi wa bustani ya mboga iliyopigwa dawa ni hivyo hivyo. Chukua wa majani ya kando ya njia unayojua haipuliziwi dawa, au ufuge wako mwenyewe. Wale panzi wa rangi za manjano na nyeusi wanaojazana kwenye mihogo na kutoa harufu mbaya, waache hukohuko. Wana sumu ya kujilinda. Kama una jirani anayefuga wale inzi weusi ambao funza wao hulishwa kuku, mwombe inzi wakubwa kumi kumi. Ni chakula kizuri mno, hawaumi, wala hawapendi vyakula vya binadamu.

Usimwachie nyenje ndani ya ndoo usiku kucha. Nyenje mwenye njaa humtafuna vunjajungu aliye katikati ya kujivua gamba, na huyo hawezi kujitetea.

Maji hayawekwi kwenye kibakuli. Pulizia matone membamba ubavuni mwa ndoo asubuhi, atayanywa kwa kuyalamba. Ya mvua ni mazuri. Ya bomba yachemshe kwanza kisha yapoe, ili harufu ya klorini itoke. Ndani pawe pamekauka kabla ya jioni. Unyevu usiokauka huleta ukungu, na ukungu huua kuliko kiu.

4. Anapojivua gamba

Tangu kuanguliwa hadi kuota mabawa, hujivua mara 7 hadi 9, na madume huwahi kumaliza. Wafugaji wapya hupatwa na hofu kila mara, kwa sababu siku mbili tatu kabla yake mdudu hugoma kula. Anamkimbia hata inzi. Ananing'inia juu, hasogei, mwili unapoteza mng'ao. Ukiona hivyo ondoa chakula kilicho hai, ongeza unyevu kidogo, na usiiguse ndoo. Usimsaidie. Gamba hupasuka mgongoni nyuma ya kichwa, kichwa kinatoka kwanza, kisha miguu inavutwa moja moja kama mtu anayevua glavu ndefu. Anabaki ananing'inia kwa ncha ya mkia, laini kama jani changa, halafu anajikunja juu na kulishika gamba lake la zamani. Hapo unaweza kupumua.

Mpe saa 24 kabla ya kumlisha, na mkubwa aliyeota mabawa mpe siku mbili, kwani meno na miiba yake bado ni laini. Aliyepoteza mguu akiwa mdogo, usimtupe. Mguu huota upya, mdogo mwanzoni, na baada ya kujivua mara mbili tatu unakaribia ule mwingine. Mkubwa mwenye mabawa hajivui tena, na alichopoteza hakirudi.

Utajua kuwa kujivua kwa mwisho kumekaribia pale vifuko vya mabawa mgongoni vinapovimba kama mbegu zilizolowekwa. Wakati huo hakikisha pana nafasi ya kutosha chini yake. Mabawa yanahitaji kushuka yanyooke.

5. Jike na dume

Kama jike wako umemwokota akiwa mzima na tumbo limejaa, huenda tayari amepandwa huko porini. Ruka hatua hii. Jike hutunza mbegu za dume mwilini na anaweza kutaga vifuko kadhaa kwa kupandwa mara moja. Asiyepandwa naye hutaga, lakini kwa kawaida mayai yake hayatoi kitu.

Ukiwa na wote wawili, subiri jike atimize wiki mbili hadi tatu tangu aote mabawa, na dume wiki mbili. Mlishe jike siku tatu mfululizo mpaka akatae. Kisha, mahali palipo wazi kama tawi ndani ya chumba au kizimba kikubwa cha kitambaa, mpe panzi mnono, na akishaanza kutafuna muweke dume nyuma yake, umbali wa mkono mmoja. Dume atasimama kama amegandishwa, pengine saa nzima, akisogea jike anapogeuza kichwa pembeni. Halafu hurukia mgongoni. Wanakaa hivyo saa kadhaa. Wakishaachana, mwondoe dume.

Ile habari kwamba jike lazima amle mumewe si kweli. Inatokea, na inatokea zaidi jike akiwa na njaa au wakiwa wamebanwa mahali padogo. Jike aliyeshiba na dume mwenye pa kukimbilia huachana salama mara nyingi.

6. Kifuko cha mayai

Wiki moja hadi tatu baadaye utamkuta jike kichwa chini, mkia ukizunguka polepole na kutoa povu jeupe kwenye kijiti. Anapanga mayai ndani ya povu hilo bila kuyaona, kwa kupapasa na mkia. Usimguse. Kufikia siku inayofuata povu limekauka na kuwa la kahawia, gumu kwa nje, jepesi kama sifongo, lenye ukubwa unaokaribia kungumanga. Mamaye hana kazi nacho tena. Mlishe vizuri na kumnywesha, kwa kuwa amechoka, kisha hamisha kijiti chenye kifuko au hamisha mama.

Kining'inize kifuko kwa mwelekeo uleule alivyokitaga, sentimita 10 au zaidi kutoka sakafu ya kopo. Pulizia maji kidogo kila baada ya siku mbili au tatu. Kwenye joto hutoa watoto baada ya wiki nne hadi nane. Andika tarehe kwenye kopo, maana ndiyo itakayokuambia lini uanze kufuga inzi.

Kifuko ulichokiokota porini kikague kwa nje. Vitundu vidogo vya duara vilivyotobolewa ubavuni ni kazi ya nyigu wadogo mno wanaotaga mayai yao ndani ya mayai ya vunjajungu. Wakishatoka, kuna uwezekano mayai machache tu yamebaki, au hakuna. Kifuko kilichotoa vunjajungu chenyewe hakina matundu ya namna hiyo; utaona nyuzi nyembamba na vijigamba vyeupe vikining'inia kwenye mstari wa katikati.

Halafu kuna sisimizi. Wanaweza kukimaliza kifuko kizima, na kuwamaliza watoto kwa nusu saa. Fanya kama mama zetu walivyofanya na kabati la vyakula: weka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, na meza isiguse ukuta. Kama kopo linaning'inia kwa kamba, pakaa mafuta mazito ya mgando kwenye kamba hiyo na uyarudishie kila baada ya siku chache.

7. Inzi wa matunda, wiki mbili kabla

Hatua hii ndiyo inayowaokoa watoto. Watoto wa vunjajungu wanapotoka wana urefu usiofikia sentimita moja, na chakula chao ni wale vijinzi vidogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kutoka yai hadi inzi mzima, kwenye joto letu, ni kama siku 10. Mahali pa baridi ni wiki mbili au zaidi. Kifuko chako kikitimiza wiki ya pili, anza leo.

Ponda ndizi mbivu mbili ndani ya chupa ya mdomo mpana, nyunyizia hamira ya mkate robo kijiko cha chai, na juu yake chomeka karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa ili wapate pa kusimama. Iache wazi karibu na kapu la matunda kwa siku moja au mbili. Ukiona inzi 20 au 30 wameingia, funika kwa kitambaa na mpira. Baada ya siku chache utaona funza weupe wadogo wakipita kwenye ndizi, kisha pupa wa kahawia, yaani funza waliojifungia ili wageuke inzi, kwenye kioo na karatasi. Ndizi ikitoa maji mengi, ongeza makombo makavu ya mkate yanyonye, la sivyo inzi wapya watazama.

Chupa moja haitoshi. Anzisha ya pili baada ya siku nne, ya tatu baada ya siku nne nyingine, na uendelee hivyo. Wakati ya kwanza inaisha, ya tatu iwe inaanza kutoa. Watoto 20 watakumalizia chupa kwa kasi usiyoitegemea.

Tatizo la inzi wetu ni kwamba wanaruka. Ulaya wafugaji hununua aina isiyoweza kuruka. Sisi tunatumia akili. Viringisha chupa ya inzi kwa kitenge chenye rangi nzito ili ndani pawe giza, igusishe mdomo kwa mdomo na kopo la watoto, na kopo hilo lielekee dirishani. Inzi hufuata mwanga. Baada ya dakika mbili wamehamia upande wa pili wenyewe, nawe unafunika. Kama una friji, njia nyingine ni kuiweka chupa humo dakika tatu nne. Wanalegea, unawamwaga kama punje za ulezi, wanaamka wakiwa tayari ndani.

Wakikuishia ghafla, tafuta wadudu mafuta. Shina changa la kunde au la sukuma wiki ambalo halijapuliziwa, likiwa limejaa hao, ukilichomeka ndani ya kopo litawashikilia watoto siku mbili.

8. Siku ya kuanguliwa

Mara nyingi ni asubuhi. Mstari wa katikati wa kifuko unaanza kusukuma nje vitu vya manjano, na dakika za mwanzo huwezi kuamini kuwa ni vunjajungu. Wanatoka kichwa kwanza wakiwa wamefungwa kwenye utando mwembamba, miguu imebanwa mwilini, wanajinyonganyonga kama visamaki. Wananing'inia kwa uzi, mmoja chini ya mwingine, shada zima likitikisika. Kisha kila mmoja anauvua ule utando wa kwanza, ananyoosha miguu, na saa moja baadaye una umati wa vitu vyenye umbo kamili la mama yao, vikitazama huku na huku na kugeuza vichwa. Binti yangu alikaa mbele ya kopo tangu chai hadi jua la mchana, na mimi nilikaa naye.

Siku hiyo usiwaguse, usiwapulizie, usiwape chakula. Wengine huangukiana na kunasa kwenye nyuzi. Wachache watakufa hapo, nawe huwezi kuzuia. Jioni pulizia matone membamba sana ya maji kwenye kitambaa cha juu, si juu yao. Tone moja kubwa linamzamisha mtoto wa siku moja, kwani maji humshika kama gundi. Wanaweza kutoka wote kwa saa mbili, au nusu leo na nusu keshokutwa, kwa hiyo usikitupe kifuko kabla ya wiki mbili.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu waanze kula. Kadiria inzi watatu au wanne kwa kila mtoto kwa siku. Ukikuta inzi bado wanatembea jioni, umelisha vya kutosha. Ukikuta kopo tupu na watoto wamekaa wakitazamana, umechelewa. Wakati huo ndio wanaanza kulana.

9. Wangapi wabaki

Usijaribu kuwalea wote. Nasema hivi kwa kuwa nilijaribu, na kwa wiki mbili nilikuwa mtumwa wa ndizi, na mwisho wake waliobaki walikuwa wachache kuliko ambao ningewabakiza kwa hiari mwanzoni. Chagua 20. Kama ni mara yako ya kwanza, 10. Chukua wale wanaokimbilia inzi kwa haraka na wanaosimama juu ya kitambaa bila kuteleza.

Waliobaki warudishe ulikokiokota kifuko, au kwenye bustani ya eneo hilohilo. Wapeleke jioni, jua likiwa limepungua, na usiwamwage mahali pamoja. Tembea na kopo, wapandishe wawili huku, watatu kule, kwenye mchaichai, kwenye mapera, kwenye maua. Wengi wataliwa na buibui na mijusi. Wachache watakua, nao watapunguza wadudu wa bustani yako. Wewe uliye Ujerumani au Uingereza na umenunua vunjajungu wa Afrika dukani, kwako kuachia nje hakuruhusiki kabisa. Si mdudu wa huko. Wagawie wafugaji wengine.

Hamisha watoto kwa brashi laini ya kuchorea, au waache wapande kwenye kipande cha karatasi. Vidole ni vizito mno kwao.

Wanajivua mara ya kwanza baada ya wiki moja hadi mbili. Hadi hapo wanaweza kukaa pamoja kama chakula kipo na vijiti ni vingi. Wakishajivua mara ya pili, watenganishe, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki chenye kitambaa juu na kijiti kimoja ndani. Ukiahirisha wiki moja utaona idadi ikipungua bila maiti kuonekana. Kuanzia hapo inzi wa matunda hawawashibishi tena. Nenda kwa inzi wa kawaida wadogo, kisha panzi wachanga, ukiongeza ukubwa kila wanapojivua. Kwenye joto, miezi minne hadi sita huwatosha kuota mabawa.

10. Mama yao

Wakati watoto wako kwenye vikombe, mama anazeeka kwenye ndoo yake. Baada ya kuota mabawa, jike huishi miezi kadhaa tu, dume pungufu ya hapo, na chakula kingi hakibadilishi hilo. Dalili huanza miguuni: vidole vya mwisho vinakuwa vyeusi na kukatika, anashindwa kushika kitambaa, anashuka chini. Rangi ya kijani inafifia kuwa manjano. Anarusha miguu kumkamata panzi na kumkosa.

Mpunguzie kimo. Mhamishie kwenye boksi fupi lenye kitambaa sakafuni ili akianguka asiumie. Usimwachie tena mawindo ya kukimbiza. Mkate nyenje katikati, mshike kwa kibano, mguse mdomoni kwa upande wenye unyevu. Akionja atamshika na miguu na kuendelea mwenyewe. Akikataa nyama, tone la asali iliyozimuliwa kwa maji kwenye ncha ya kijiti hulambwa. Jike wangu wa mwisho alilishwa hivyo kwa siku 11, na kila nilipofungua boksi aliinua kichwa na kukigeuza upande wangu.